Makabidhiano

Mafuru, pokea funguo. Ni mbili:
mdogo wa kabati,
mkubwa wa mlango wa nyuma unaokwama masika.
Saini hapa. Na hapa.
Kompyuta moja. Kipanya kimoja, mkia umefungwa plasta.
Mafaili mia nne na kumi na mawili.
Kiti kimoja; usikiegemee.
Lisilo kwenye fomu nakukabidhi kwa mdomo.

Mwaka juzi, siku kivuko cha mchana kilipochelewa kutoka Mwanza,
aliingia kijana, shati limenyooshwa.
Hakuvunja kufuli.
Alisema hodi,
na kinywa changu hiki kikasema karibu.
Aliomba kuchaji simu. Nansio nzima giza, sisi tuna sola.
Aliniita dada. Alimjua mganga wetu kwa jina,
alijua semina tuliyokwenda Kirumba mwezi wa nne.
Nani alimwambia?
Mimi. Picha niliirusha mwenyewe,
natabasamu, beji kifuani.

Nikaenda kuchukua chai.
Chai, Mafuru. Kikombe kimoja.
Neno la siri lilikuwa jina la zahanati na mwaka,
limebandikwa chini ya kibodi,
kama mtu anayefunga nyumba
akauning'iniza ufunguo kwenye kitasa.
Niliporudi alikuwa anachomoa waya, anashukuru.
Hakuna kilichopungua.
Hiyo ndiyo hila ya wizi huu:
unaibiwa, na kitu bado unacho.

Siku ya tisa orodha ilikuwa sokoni.
Majina, umri, kitongoji,
na ile safu ya mwisho, ya dawa.
Umewahi kuona gugumaji likiingia ghubani?
Jioni ni jani moja linaelea,
zuri hata, lina ua la zambarau.
Asubuhi mtumbwi hauna pa kutia kasia.
Ndivyo ilivyokwenda, simu kwa simu.
Wengine wakapigiwa: tuma laki, la sivyo mumeo ataletewa.
Wakatuma.
Akaletewa.

Kulikuwa na mama mmoja, muanika dagaa,
mikono inang'aa magamba hata akinawa.
Alikuja kabla umande haujakauka,
akaketi benchi la mwisho,
akaucheka mwandiko wangu: kuku kapita na matope.
Akaacha kuja.
Hapana, hakufa.
Anavuka maji yale yote, mwendo wa saa tatu na ushee,
akachukue dawa kwa watu wasiomjua,
kwa jina la dada yake, marehemu.
Jina lake sitakwambia.
Nimeona umefungua mdomo, ukaufunga.
Vizuri. Nusu ya kazi umeshaijua.

Nusu nyingine ni hii.
Neno la siri liwe refu, sentensi ya kipuuzi uijuayo peke yako;
si mwanao, si mwaka, si Simba wala Yanga.
Ukiinuka, hata kwa chafya, funga kioo.
Flashi ya kuokota usiichomeke:
sangara naye alidhani ni chakula.
Akipiga mtu akasema ni wa wilayani, ana haraka,
kata, umpigie wewe, kwa namba iliyo ukutani.
Mwenye haki husubiri. Mwizi ndiye ana kivuko cha kuwahi.
Karatasi mbovu zisiende kufungia karanga;
choma, ukoroge majivu.
Kwenye kompyuta andika namba tu.
Majina yalale kabatini,
na ule mdogo uning'inie shingoni mwako, si msumarini.

Mimi walinipa barua, nikabaki. Ndiyo adhabu niliyopata:
kila Jumanne kulitazama benchi la mwisho.

Saini yako inasomeka. Usiikunje, wino mbichi.

Sikia, kuna mtu anapiga hodi.
Simjui.
Funga kioo kwanza,
halafu mkaribishe.